Mtoto mwenye kansa akinyamaza, Bunia isidhani amepata nafuu

Katika kata ya Bigo, mjini Bunia, mzazi hahitaji mashine ili kujua kama mtoto wake ni mzima. Anasikiliza tu. Jua likianza kushuka, watoto wako barabarani na mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba, wengine wametumwa maji na wamesahau bidoni njiani, wawili wanagombana juu ya goli ambalo hakuna refa wa kuliamua. Mtoto ambaye siku mbili hajatoka nje, hajagombana na mtu na hajaomba pesa ya mandazi, mama yake anaanza kumshika kwenye paji la uso.

Lakini mtoto huyo akigunduliwa kuwa na kansa, kipimo hicho cha mama kinawekwa kando. Katika hospitali nyingi, za Congo na za kwingine, fishi ya mgonjwa inajazwa uzito, joto, hesabu ya damu na ukubwa wa uvimbe. Mama anaulizwa: “Mama, mtoto anaendelea namna gani?” Naye, kwa heshima na kwa kuogopa kuonekana mtu wa malalamiko, anajibu: “Muzuri kidogo, munganga.” Kalamu inaandika kwamba hali ni nzuri. Mtoto mwenyewe, ambaye ndiye anayejua mahali panapouma na usiku ambao hakulala, hajaulizwa kitu.

Hapo ndipo kosa lilipo, na Ituri inaweza kulirekebisha kabla ya kupata hata mashine moja mpya. Namna mtoto mwenye kansa anavyojisikia, na mambo anayoweza au asiyoweza kuyafanya kwa siku, yanapimika. Yanaweza kupewa namba. Yanapaswa kuandikwa kwenye fishi kila juma, pembeni ya joto na uzito, na jibu la kwanza liwe la mtoto.

Jambo hili si la watu wa mbali. Limfoma ya Burkitt, kansa ya watoto inayojulikana sana katika sehemu hii ya Afrika, ina historia iliyopita karibu kabisa na Ituri. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya. Muda mfupi baadaye akamwona mwingine Jinja, na mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza. Hakuwa na maabara kubwa. Alichapisha karatasi zenye picha, akazituma kwa hospitali za Afrika na kuuliza: mmekwisha kuona watoto wa namna hii? Mwaka 1961 akapanda gari pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakasafiri karibu kilomita 16,000 wakiuliza swali lilelile. Williams alikuwa akifanya kazi Kuluva, karibu na Arua, ng’ambo tu ya mpaka wa Aru. Leo inajulikana kwamba ugonjwa huo unafuata maeneo yenye malaria nyingi, na kwamba virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 ndani ya uvimbe huohuo, vina sehemu yao. Ituri iko ndani ya maeneo hayo.

Elimu hiyo yote ilianza na karatasi na swali. Inafaa kukumbukwa kila mara mtu anaposema kwamba kuwauliza wagonjwa ni kazi ya nchi tajiri.

Kwa hesabu ya OMS, watoto na vijana wapatao 400,000 wanapata kansa duniani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 kwa 100 wanapona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 OMS ilitangaza mpango wa dunia nzima juu ya kansa ya watoto: ifikapo 2030 angalau watoto 60 kwa 100 wapone, na mateso ya wote yapunguzwe. Wakubwa wanapenda kutaja 60. Nusu ya pili ya sentensi inapita bila kusikika, ingawa ndiyo inayomgusa kila mtoto, atakayepona na asiyepona. Na mateso ambayo hayakupimwa, itajulikanaje kwamba yamepungua?

Shida ya kwanza ni kwamba mateso ya mtoto hayaonekani mahali watu wanapoyatafuta. Katika miaka ya 1980 Annie Gauvain-Piquard, daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya kansa ya Gustave-Roussy, karibu na Paris, aliwachunguza watoto wa miaka 2 hadi 6 waliokuwa wakitibiwa kansa. Alichokiona ni kinyume cha kile ambacho watu wengi wanatazamia. Mtoto anayeumia kwa muda mfupi, kama wa sindano, analia. Mtoto anayeumia siku nyingi anaacha kulia. Anatulia. Hageuki mtu akiingia, hagusi kitu cha kuchezea anachopewa, anajibu polepole au hajibu, na uso wake hauonyeshi kitu. Anasogeza mwili kidogo sana, kama mtu aliyebeba chungu kilichojaa maji. Kwa jicho la haraka, huyo ni mtoto mpole, mwenye adabu, hata mtoto aliyepata nafuu.

Kipimo kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Kwa umbo lake linalotumika kina mambo 10 ya kuangalia, kila moja kwa alama 0 hadi 4, na baadaye kikafupishwa kuwa mambo 5 ili muuguzi mwenye kazi nyingi aweze kukitumia. Kimeandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo wauguzi wa Bunia wamesomea. Hakuna tafsiri ya kusubiri.

Msomaji afikirie chumba cha vitanda kumi na muuguzi mmoja wa usiku. Atamkimbilia nani? Anayelia. Yule aliyelala kimya akiangalia ukuta, muuguzi anamshukuru Mungu kwa ajili yake, maana hamsumbui. Hakuna ubaya wa moyo hapo. Ni kwamba hakuna aliyemfundisha muuguzi kuogopa ukimya huo, na fishi aliyopewa haina mahali pa kuuandika.

Halafu kuna swali la nani ajibu. Nyumbani, Bigo kama kwingine, mtoto hasemi mbele ya wakubwa mpaka aulizwe, na mara nyingi haulizwi. Mvulana wa miaka tisa amekwisha kufundishwa kwamba mwanaume halii. Tena watoto wanasikia kuliko wazazi wanavyodhani: wanasikia shamba linauzwa, wanasikia mjomba akiombwa dola za safari, wanasikia baba akisema kwamba mwezi ujao haujulikani. Kuna mtoto anayeficha maumivu ili asiongeze gharama. Mwingine anaficha kwa sababu amegundua kwamba ukisema unaumwa, unachomwa sindano. Uchunguzi wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba majibu ya wazazi na ya watoto yanakaribiana kwenye mambo yanayoonekana, kama kutembea, lakini yanaachana zaidi kwenye mambo ya moyoni, kama hofu na huzuni. Mama anajua kwamba mtoto hakula. Huenda hajui kwamba hakula kwa sababu anaogopa kutapika mbele ya wageni.

Vyombo vya kumpa mtoto nafasi ya kusema vipo. Kinachojulikana zaidi ni karatasi ya nyuso sita, kuanzia uso usio na maumivu mpaka uso wenye maumivu makubwa kabisa, alama 0 hadi 10. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuonyesha kwa kidole. Hata hapo kuna la kuangalia. Karatasi moja ya namna hiyo, ya Wong na Baker, inaanza na uso unaocheka na kumaliza na uso wenye machozi. Mvulana aliyefundishwa kutolia hatauonyesha ule wa machozi hata kama mwili unaungua, na mtoto asiye na maumivu lakini mwenye huzuni hatauonyesha ule unaocheka. Karatasi nyingine, iliyoanzia Australia na kurekebishwa mwaka 2001, haina kicheko wala machozi. Kwa Bunia, hiyo ndiyo ya kuchapisha.

Na pasipo na karatasi, kuna vifuniko vya chupa. Wauguzi wa Marekani walianza zamani kumpa mtoto mdogo vipande vinne vya plastiki vya kuchezea karata na kumwambia kwamba ni vipande vya maumivu: kimoja ni maumivu kidogo, vinne ni maumivu yanayopita yote. Leo una vingapi? Vifuniko vinne vya soda vinafanya kazi ileile, au vya Primus kwa nyumba zisizonywa soda.

Upande wa nguvu na shughuli za siku, kipimo kilichopo kinakaribia sana kile cha mama wa Bigo. Mtu mzima mgonjwa anapimwa kwa kazi: anaweza kwenda kazini, anaweza kujihudumia, au yuko kitandani? Mtoto hana kazi nyingine zaidi ya kucheza. Mwaka 1987 Shirley Lansky na wenzake huko Marekani walitoa ngazi inayofuata hilo. Namba 100 ni mtoto anayecheza kama kawaida. Kwenye 80 anacheza lakini anachoka haraka. Kwenye 60 anatembea, ila hakimbii na wenzake, anapenda michezo ya kukaa. Kwenye 50 anavaa nguo lakini sehemu kubwa ya siku amejilaza. Kwenye 30 yuko kitandani na anasaidiwa hata kwa michezo ya kimya, na kwenye 10 hachezi kabisa. Mzazi ndiye anayejibu, na kazi yote inachukua dakika chache. Mtoto aliyekuwa 70 Jumatatu iliyopita na leo ni 40 ameanguka, hata kama uzito wake haujabadilika na homa hakuna. Hiyo ni habari ambayo daktari yeyote anaihitaji.

Vipimo vikubwa zaidi pia vipo. PedsQL, kazi ya Mmarekani James Varni, ina maswali 23 juu ya mwili, moyo, marafiki na shule, na sehemu ya kansa yenye maswali 27: maumivu, kichefuchefu, hofu ya sindano, wasiwasi, sura ya mwili, kuzungumza na madaktari. Inatumika katika nchi nyingi. Lakini kuichukua ilivyo na kuileta Ituri ni kujidanganya. Inauliza, kwa mfano, kama ni vigumu kwa mtoto kutembea kupita kipande kimoja cha barabara kati ya njia panda mbili, kama miji ya Marekani ilivyopangwa. Bigo inapima kwa njia ya kwenda kuchota maji na kurudi. Inauliza pia juu ya kubaki nyuma katika masomo. Mtoto wa kambi ya Kigonze, ambaye familia yake ilikimbia vita huko Djugu, atajibu nini? Atajibu kwamba amebaki nyuma sana, na namba itasema kwamba kansa ndiyo iliyomharibia masomo. Anayeogopa usiku, anaogopa ugonjwa au anakumbuka risasi? Namba peke yake haitajibu. Ndiyo maana chini ya namba panahitajika nafasi ya maneno.

Lugha nayo ina mtego wake. Kiswahili cha vitabu kitamwuliza mtoto kama “anahisi huzuni”, na mtoto atamwangalia mama yake. Hapa mtu anasikia baridi, anasikia njaa, anasikia maumivu, roho inauma, mwili hauna nguvu. Na nyumba nyingi za Bunia zinaongea Kilendu, Kihema, Kialur, Kingiti au Lingala kabla ya Kiswahili. Swali likitafsiriwa vibaya, namba itatoka vilevile, itaonekana safi kwenye ripoti, na itakuwa uongo. Kuna mfano wa karibu wa kufuata: APCA, chama cha Afrika cha huduma ya kuwapunguzia mateso wagonjwa mahututi, chenye makao yake Kampala, kimetengeneza kipimo cha watoto hapa hapa Afrika, chenye maswali ya mtoto na mengine ya mlezi wake.

Kuna watakaosema, na wana haki ya kusema: dawa kwanza, maswali baadaye. Mama ametoka Mambasa na mtoto mwenye taya iliyovimba. Matibabu kamili mara nyingi yako Kampala, ng’ambo ya mpaka, au Kinshasa, kwa ndege. Barabara ya kuelekea Mahagi ina hatari zake. Na katikati ya hayo yote muuguzi anamletea nyuso sita? Wengine watakwenda mbali zaidi: ni ukatili kumwuliza mtoto anaumia kiasi gani wakati kabati la dawa lina parasetamoli peke yake.

Jibu la kwanza linatoka katika dawa zenyewe. Vincristine, moja ya dawa zinazotumika sana kwa limfoma na kwa uvimbe wa figo wa watoto, inaweza kuumiza mishipa ya fahamu. Vidole vinachomachoma na kufa ganzi, taya inauma, mtoto hapati choo siku nyingi, anajikwaa kwa sababu mguu hauinuki vizuri. Kipimajoto hakioni hata moja ya hayo. Mtoto asiyeulizwa ataendelea kupewa dawa kwa kiasi kilekile. Au wazazi, wakiona anazidi kudhoofika na hakuna anayewaeleza, watamchukua na kurudi naye nyumbani katikati ya matibabu. Kuacha matibabu ni moja ya sababu kubwa zinazofanya watoto wenye kansa wafe katika nchi maskini, na familia haziachi kwa kukosa pesa peke yake. Zinaacha pia kwa sababu zinamwona mtoto akiteseka na haziamini tena kwamba dawa inamsaidia.

Jibu la pili linahusu kabati lenyewe. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilionyesha kwamba katika tani 298.5 za dawa za aina ya mofini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Uganda, ambayo nayo haikuwa tajiri, ilichukua njia nyingine. Mwaka 1993 Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, mofini ya maji ikawa inachanganywa ndani ya nchi kwa bei ndogo, na sheria ikaja kuwaruhusu wauguzi wenye mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo. Moja ya matawi yake liko Hoima, upande wa pili wa Ziwa Albert, ziwa lilelile la Tchomia na Kasenyi. Daktari mkuu wa zoni ya afya akienda kwa wafadhili na kusema kwamba watoto wanaumia, atasikilizwa kwa upole na kusindikizwa mlangoni. Akienda na fishi za miezi sita zenye alama 8 na 10 mfululizo, kuna mtu atakayelazimika kuandika jibu. Kabati linabaki tupu pia kwa sababu hakuna karatasi inayoonyesha kwamba lilihitajika.

Tena kuna ushahidi kwamba kuuliza kwenyewe ni sehemu ya matibabu, angalau kwa watu wazima. Mwaka 2017 Ethan Basch na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa New York. Wagonjwa wa kansa waliokuwa wakiulizwa mara kwa mara juu ya dalili zao, huku wauguzi wakipata taarifa dalili zikizidi, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 31.2, kwa waliohudumiwa kama kawaida ilikuwa miezi 26. Watoto wa Ituri si watu wazima wa New York, na namba hiyo haiwezi kuhamishwa tu kama mzigo. Lakini inatosha kunyamazisha wale wanaosema kwamba kumsikiliza mgonjwa ni huruma tu.

Bunia, kwa upande wake, haiwezi kusema kwamba haijui kupima. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, wakati wa Ebola, watu walinawa mikono na kuelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso milangoni na vizuizini. Kulikuwa na malalamiko, wengine walikataa, lakini kazi ilifanyika, na haikufanywa na madaktari peke yao. Ni kweli kwamba Ebola ilikuwa na pesa nyuma yake na wageni wenye magari meupe, na kwamba kansa ya watoto haimtishi mtu yeyote wa Ulaya. Kwa bahati nzuri, safari hii hata kipimajoto hakihitajiki.

Kinachohitajika ni karatasi moja, pande mbili. Upande mmoja nyuso sita na ngazi ya kucheza, kwa Kiswahili cha hapa. Upande wa pili mistari michache ya maneno ya mtoto, yaandikwe jinsi alivyoyasema, hata kama amesema tu kwamba hataki tena kuonekana bila nywele. Ofisi ya afya ya jimbo ingeweza kuanza na hilo. Wanafunzi wa uuguzi, ambao kila mwaka wanatafuta mada za kazi zao za mwisho, wangejaribu tafsiri kwanza kwa watoto wazima wa Bigo: mtoto asomewe swali, kisha alirudie kwa maneno yake mwenyewe. Akilirudia kombo, swali ndilo lenye kosa.

Karatasi hiyo isitumike kumlinganisha mtoto wa Bunia na wa Paris, wala hospitali na hospitali ili kutafuta wa kulaumiwa. Ilinganishe mtoto na yeye mwenyewe, juma hili na lililopita. Na isikomee siku ya kupona. Mtoto aliyeondolewa jicho kwa sababu ya retinoblastoma anarudi shuleni na kuitwa majina uwanjani. Kwenye faili amepona, ila ameanza kusema kila Jumatatu kwamba tumbo linauma.

Mtoto akisafiri, karatasi isafiri naye. Mama anayevuka mpaka kwenda Kampala anabeba kwenye mfuko barua ya kuhamishwa, picha na kadi yake ya uchaguzi. Daktari wa huko pengine hasomi Kifaransa, lakini nyuso sita na namba 40 anazisoma. Na kwenye kurudi, muuguzi wa kituo cha afya cha kata ndiye atakayemwona mtoto huyo kabla ya mtu mwingine yeyote, siku tatu baada ya dawa, akiwa amelala kwenye mkeka mlangoni huku wenzake wakipiga mpira. Muuguzi huyo awe na karatasi ileile, na awe na namba ya simu ya mtu wa kumpigia alama ikishuka.